Tundu kwenye bamba la Lomayani

Jumamosi.

Nikifumba macho bado naliona lile tundu.

Leo tulipeleka Terrat bamba la chuma tulilochomelea karakanani kwetu Moshono, la kumkinga Lomayani, kibarua wa wawindaji, akikaa karibu na shabaha kuangalia risasi zao zimepiga wapi. Bosi wao akalijaribu kwa risasi ya nyati, nene kama kidole gumba. Bamba likabonyea tu kama bakuli.

"Kama hii imeshindwa, ile nyembamba ya kupiga mbali itafanya nini? Kaa nyuma yake, Lomayani!" bosi akasema.

Mabamba yao ya shabaha wanayotuletea tuzibe nayaangalia kila siku. Risasi nene zinabonyeza, nyembamba ndizo zinatoboa. Lakini mimi, kuongea mbele za watu...

"Shikamoo mzee. Asikae kwanza. Pigeni na hiyo nyembamba."

Wakacheka. "Eeh! Bubu wa Moshono kaongea!"

Wakapiga. Tundu safi, usawa wa kifua.

Lomayani hakucheka. Alichungulia pale muda mrefu, halafu akaniita. "Njoo uone, mdogo wangu."

Nikaweka jicho. Mlima Meru wote ulikuwa mle ndani, na wingu linapita taratibu, na yeye kasimama hai pembeni yangu, anapumua.