Mume Wangu Mchinjaji Hajaona Aliyepona

Mpendwa Bi Rahema, mshauri wetu,

Shikamoo. Nimekuja kwako kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na nikikosea lugha unirekebishe bila kunicheka, maana nyumbani kwetu Gachoka tulisema Kimbeere tu, Kiswahili nilikijua ukubwani baada ya kuolewa na Mwislamu. Naomba usichapishe jina langu. Mume wangu mwite Idrisi, si jina lake.

Sisi tuko Siakago, Idrisi ni mchinjaji na ana bucha, na mimi ndiye ninayeosha matumbo kule machinjioni kabla hayajaenda dukani, kazi ambayo nimeifanya tangu niolewe. Mungu alitupa msichana mmoja, Mwanatatu, ameshaolewa huko Meru, na baada yake sikushika mimba tena, na mume wangu hakuwahi kunisema kwa hilo wala kuoa mke wa pili ingawa watu walimshauri sana. Sasa mwaka jana mvua zilipokwisha tumbo langu likaanza kujaa, nikila matonge mawili nashiba kama niliyetoka arusini, choo kidogo kinanisumbua kila mara, mgongo unauma, damu ya mwezi ikapotea, nami nina miaka arobaini na moja, nikafikiri labda ni mimba au labda ni uzee umekuja mapema, na kabla sijajua la kufikiri wanawake wa sokoni wakaanza kunipa hongera na mmoja wao akaenda kumwambia mume wangu dukani. Bi Rahema, ungemwona alivyokuja siku ile, hajavua hata aproni ya damu, amesimama mlangoni anacheka peke yake. Nikacheka pia.

Tangu siku hiyo harudi nyumbani bila ini. Analikata mwenyewe, ananiletea limefungwa kwa jani la mgomba, ananisimamia nile. “Kula, Mama Mwanatatu,” anasema, “mtoto ya mchinjaji hawezi zaliwa bila nyama kwa mwili.” Nakula mbele yake, nikienda nyuma ya nyumba natapika. Akiwa mwanamume ameshasema ataitwa Yusuf, jina la marehemu baba yake.

Mwezi wa pili mwaka huu nikazidiwa, nikamwambia nakwenda hospitali ya Embu kupimwa mtoto. Daktari Mzungu akanibonyeza tumbo muda mrefu, kisha akazungumza na dresa wake, msaidizi anayemtafsiria, Misheck, naye akanigeukia akaniambia, “Mama, usishtuke. Daktari anasema hii si mtoto. Iko kitu inamea kando ya kizazi, hapa kwa mfuko ya mayai. Inaweza kuwa maji tu, inaweza kuwa kansa. Hawezi jua mpaka ifunguliwe ionekane. Hiyo kazi inafanywa Nairobi, na yeye mwenyewe ataandikia DC upewe pasi ya safari.” Nikasema nitarudi na mume wangu. Sikurudi.

Bi Rahema, wewe unajua mambo ya Hali ya Hatari hii iliyotangazwa na serikali yalivyo. Ndugu yangu Runji yuko kizuizini na jina lake ni la baba yangu pia, ndilo lililo kwenye karatasi yangu, sasa mimi nikifika kizuizi cha barabarani nikasomewa karatasi yangu iliyoandikwa Embu, nani ataniuliza habari za tumbo? Nairobi watu wa kabila zetu walijazwa kwenye malori, mtu wa kutaja wenzake aliyevishwa gunia kichwani anakutazama kwa matundu mawili, akitikisa kichwa umekwisha. Mume wangu hasumbuliwi, baba yake alikuwa Mmanyema, mgeni wa nchi hii, lakini mimi wataniona ni wa wale wa msituni. Halafu kuna kafyu ya usiku, kuna homugadi wa serikali, kuna chifu wa kuulizwa kwanza, na chifu hatupendi tangu Runji achukuliwe, na hata pasi ikitoka huwa ya siku chache, je, siku zikiisha nikiwa nimelala kitandani nimepasuliwa itakuwaje?

Na liko jambo jingine ndilo lililonimaliza. Siku si nyingi aliletwa ng'ombe jike amekonda mbavu nje lakini tumbo kubwa, mwenyewe akasema ana ndama. Alipopasuliwa hapakuwa na ndama, palikuwa na uvimbe pale pale aliponishika daktari, na mwingine mdogo mdogo umetapakaa kwenye utumbo. Bwana afya akaamuru mzoga wote uzikwe, hata ngozi. Mimi nilikuwa na karai mkononi nangoja matumbo. Jioni nikamuuliza mume wangu kama mtu anayeuliza tu, “Hawa wenye uvimbe wa namna ile, kuna anayepona?” Akasema, “Miaka ishirini nachinja, sijaona hata mmoja.” Akaendelea kunoa kisu chake. Nikajua nimeshahukumiwa. Na mama yangu mzazi alikufa hivyo hivyo, tumbo limejaa na mikono kama vijiti, watu wakasema amerogwa.

Sasa nishauri. Nimwachie mume wangu furaha yake mpaka siku yangu ifike, au nimwambie? Niende nikapasuliwe bure nife mikononi mwa wageni, mwili usirudi, au nifie kwangu? Naogopa, Bi Rahema. Nikioga silishiki tumbo langu, napitisha maji tu.

Ni mimi,
Mwenye Hofu, Siakago

JIBU LA BI RAHEMA

Mwanangu wa Siakago,

Marahaba. Kiswahili chako hakina kasoro ya kumzuia mtu asikuelewe. Kasoro iko kwingine, na tutaifikia. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza niliiweka chini nikaenda kushughulika jikoni. Nakupa pole ya kweli. Pole nimeshatoa, sasa nisikilize.

Tuanze na mumeo na ng'ombe wake. Ulimuuliza mtu swali ambalo hawezi kulijibu. Mchinjaji hakutani na ng'ombe aliyepona! Aliyepona yuko malishoni huko kwenu Mbeere, ana ndama ubavuni, na Idrisi hatamjua kamwe. Mfugaji humleta bucha yule aliyemkatia tamaa, na awe mzima awe mgonjwa, hakuna aliyeingia machinjioni akarudi zizini. Kwa hiyo miaka ishirini si kitu. Hata angechinja miaka mia asingeona hata mmoja. Tena ng'ombe yule hakuwa na daktari wa kumfungua, kumtoa ubaya na kumshona. Kisu cha mumeo kina kazi moja tu. Na wewe, mtu mzima, ukachukua maneno ya mtu anayenoa kisu, ambaye hata hakujua anaulizwa nini, ukayafanya hukumu.

Daktari alikuambia mambo mawili: maji, au kansa. Ukaondoka na moja, lingine ukamwachia Misheck. Mimi si daktari, lakini kabla ya kukujibu nilimuuliza mmoja ninayemwamini, na alichoniambia nakupa chote, kitamu na kichungu. Wapo wanawake waliofunguliwa wakakutwa na mfuko wa maji mkubwa kama boga, ukatolewa, wakarudi kulima. Wapo waliokutwa na kansa ingali changa, ikakatwa, wakaishi. Na wapo waliofunguliwa wakashonwa vivyo hivyo, kwa kuwa hapakubaki cha kukata. Wewe uko fungu gani hajui yeye, sijui mimi, na hujui wewe. Alilolisema bila kusitasita ni kwamba kila wiki unayokaa inakusogeza kuelekea fungu la mwisho. Mama yako, Mungu amrehemu, hakufunguliwa na mtu, kwa hiyo hatujui alikufa na nini. Usivae kifo chake kabla hujapimwa.

Hofu yako ya njiani siicheki. Naishi Nairobi, nimeona niliyoyaona, na mengine hayaandikiki hapa. Mtu mwenye ndugu kizuizini akiogopa kizuizi cha barabarani ana akili timamu. Lakini hebu isome barua yako mwenyewe. Umenieleza pasi, gunia, chifu, kafyu na homugadi, na jambo lenyewe umelipa neno moja: “Sikurudi.” Daktari alijitolea kukuandikia kwa DC. Hakuna aliyekunyima pasi, kwa sababu hujaiomba! Vizuizi unaviogopa, ndiyo, ila unaogopa zaidi kujibiwa, na Hali ya Hatari imekupa pa kujificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na wewe unayaficha kwa watu wote, pamoja na nafsi yako unapooga.

Kuogopa si dhambi. Nenda hivyo hivyo ukiogopa. Sijasikia bado mgonjwa aliyerudishwa mlangoni kwa sababu anatetemeka.

Sasa Idrisi. Unasema unamwachia furaha yake. Furaha gani hiyo, ya kumlisha mtu uongo naye anakulisha ini? Kila siku anayomngoja Yusuf unamwongezea kilio. Mwambie Ijumaa hii, akishatoka msikitini, amekwisha kula, mikono haina damu. Usizunguke kama ulivyozunguka na habari za ng'ombe. Sema: “Baba Mwanatatu, hakuna mtoto. Kuna uvimbe tumboni, na daktari anataka nikafunguliwe. Nilikuficha kwa sababu niliogopa. Nipeleke.” Basi, usiongeze pambo. Huenda akakasirika, huenda akatoka nje asirudi mpaka magharibi. Mvumilie. Akilia, mwache alie, maana huyo mtoto alikuwa wake pia na wewe ulikuwa umeshamzika peke yako. Mwanamume aliyekaa na wewe miaka yote hiyo bila kukuongezea mwenzako hatakukimbia kwa sababu ya uvimbe. Na akikukimbia, utakwenda bila yeye.

Mkifika Embu, mwombe daktari aandike mambo matatu kwenye barua yake: kwamba ni ugonjwa wa kufunguliwa, kwamba siku za pasi zitoshe mpaka kidonda kipone, na kwamba mumeo anakusindikiza. Barua hiyo pitieni nayo kwa chifu mkiwa pamoja, Idrisi ndiye aongee. Njiani ukiulizwa habari za ndugu yako, jibu unachokijua, na usichokijua usikibuni. Kwa daktari useme yote: tangu lini, unakula kiasi gani, unatapika vipi, na habari ya mama yako usiisahau. Kisha uulize nawe. Utakata nini? Nitabaki na nini? Tumbo ni lako, usione haya.

Umetaja mwili kutorudi. Hilo nalo lina dawa, na dawa yake ni kusema. Kabla hamjaondoka mweleze mumeo unataka kuzikwa wapi na nani akuoshe. Mtumie Mwanatatu habari huko Meru, asije kuzisikia kwa watu wa sokoni. Wasia haumwiti mtu kaburini. Wengi tunaowajua walitoa wasia na bado wapo wanatusumbua.

Sitakuahidi kupona, maana ahadi hiyo si yangu kuitoa. Huenda ukafika Nairobi ukaambiwa lile unalolihofia. Lakini hapo ulipo leo una ugonjwa tu. Ukienda, hata likiwa lile baya, utakuwa na ugonjwa, na daktari, na mume anayejua mkewe anaumwa nini. Ijumaa useme, Jumatatu uende.

Rahema