Mbuzi wa Fedha Wanapungua

Jumatatu, 5 Oktoba 1987

Wiki ya tatu kazini makumbusho na Fotini hajanisumbua hata siku moja! Analala kwenye kreti la zabibu chini ya meza, mimi juu yake nachanganya plasta. Nani mwingine Palioskala nzima anakwenda kazini na mwanawe wa miezi saba?

Kazi yenyewe: zile sarafu 212 za fedha zilizofukuliwa kwenye mizabibu ya Lazos, kabla hajawa meya. Za kale mno. Upande mmoja mbuzi, upande wa pili kichala cha zabibu. Nakandamiza kila sarafu kwenye udongo laini, namwaga plasta, natoa mbuzi mweupe. Dokta Ismini wa Athens anawapanga: waliogongwa kwa muhuri mmoja wa chuma wanakaa kikasha kimoja. Vikasha ni 58 mpaka sasa.

Alhamisi ya tarehe 22 kamati inakuja. Ikionekana mji wetu ulitengeneza fedha nyingi enzi hizo, sarafu zinabaki hapa na makumbusho yanabaki. Vinginevyo zinapelekwa Athens, mlango unafungwa, na mimi narudi kiwanda cha dagaa Kavala. Jumatatu mpaka Jumamosi bila mwanangu! Hapana. Haitakuwa hivyo.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimemuuliza Dokta: sarafu zenyewe 212 tu, utajuaje walitengeneza ngapi? Hakunidharau. Akasema, Matoula, ukishuka kwenye mji usioujua, ukapishana na watu mia, karibu wote sura mpya, utasema nini? Mji mkubwa, nikasema. Na ukipishana na sura zilezile, mara tatu, mara nne? Kijiji — kama hapa kwetu! Akacheka mpaka miwani ikamteleza.

Basi ndivyo. Muhuri ukijirudia sana, mihuri ilikuwa michache na tumeshaiona karibu yote. Isipojirudia, iliyopotea ni mingi zaidi. Halafu unakadiria kila muhuri uligonga sarafu ngapi kabla haujafa. Elfu kumi, elfu ishirini — hapo wasomi wanagombana, anasema.

Meya Lazos keshaagiza kibao cha barabarani. MJI WA FEDHA.

Jumanne, 13 Oktoba

Jumanne, na tarehe kumi na tatu: kwetu siku ya mkosi. Mama mkwe alinitemea mate mara tatu nikitoka, kufukuza kijicho. Hayakusaidia.

Kikasha cha 7 na cha 31. Mbuzi wa 31 ana mstari toka pembeni mpaka mgongoni, wa 7 hana. Ndiyo maana Dokta kawatenganisha. Lakini ndevu! Nywele nne, ya tatu imepinda. Wote wawili.

Muhuri wetu wa mbao, wa kugongea mkate wa kanisani, ulipata ufa Pasaka, mdogo tu, ukingoni. Agosti ufa umeshafika kwenye msalaba. Weka mkate wa Pasaka na wa Agosti pamoja, mgeni atasema hii ni mihuri miwili. Kumbe ni ule ule, umechoka.

Nimevirudisha vikasha mahali pake. Sijasema kitu.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimesema.

Dokta alishika lenzi, akatazama mpaka Fotini akanyonya titi moja akalimaliza. Kisha: nani kakufundisha? Nikasema, mkate. Akauliza mkate gani, nikamweleza. Akavua miwani. Miaka thelathini nasoma sarafu, akasema, na sijawahi kukanda unga.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anangoja kustaafu ndipo apasuliwe. Alidhani hakuna anayejua.

Ameniambia nipitie vikasha vyote upya. Saa tisa tulikuwa tumebaki na 49.

Nawapenda hawa mbuzi. Na mimi ndiye ninayewamaliza.

Jumapili, 18 Oktoba

Nimemwambia mama mkwe. Akasema, mbuzi ni mbuzi, mwanangu, waache wazaliane, ulitumwa uwahesabu mpaka ndevu? Nikasema ndiyo, nilitumwa. Akasema basi ungekuwa mvivu kidogo kama wanawake wenzio.

Jumanne, 20 Oktoba

36.

Najaribu kutoona. Siwezi! Nikigeuza uso, ndevu zinanifuata. Sikio hili nilishaliona. Kwato hii nilishaiona. Sura zilezile, mara nne, mara tano.

Fotini ameota jino. La chini, kulia. Kaniuma nalo nikalia, yeye akacheka.

Meya alikuja na boksi la peremende za lukumi. Mlangoni tu: usiniambie mbuzi wamepungua tena! Dokta akasema mwulize Matoula. Akanigeukia. Ewe binti, macho hayo ungeyatumia kutafuta chawa, ungetajirika. Tukacheka wote. Kisha akaniinamia, sauti chini: trei ya mwisho ya vikasha iache kama ilivyo, mama Fotini. Kwa ajili ya huyu. Akamtia mtoto sukari ya lukumi mdomoni.

Anachokitaka ndicho ninachokitaka mimi.

Alhamisi, 22 Oktoba

Wamekuja wanne wa kamati. Suti, mafaili. Mmoja kampapasa Fotini shavu. Labda ni watu wazuri. Labda 36 wanatosha! Nilijificha nyuma ya kabati, nikamsikia mmoja wao, mnene, akiuliza: thelathini na sita ndiyo hesabu ya mwisho? Dokta akasema bado trei moja ya kupitia, ina vikasha kumi kati ya hivyo, jibu atalipata baada ya chakula. Yule akasema, ikishuka chini ya thelathini, bibie, tutakuwa hatuna la kujadili.

Wamekwenda kula kwa Lazos. Dokta kabla hajatoka kaniwekea trei mbele. Mimi siwaoni tena vizuri, kasema. Nitaandika utakachoniambia wewe, Matoula. Wala sitauliza mara mbili.

Kwa nini mimi? Niliacha shule darasa la sita!

Fotini anacheza na mifuko ya plasta. Mweupe uso mzima, kama mwokaji. Nimempangusa. Nimeandika haya ili mikono iwe na kazi nyingine.

Kumi wakibaki kumi, nampeleka nyumbani jioni na Jumatatu nakuja naye tena. Ni hivyo tu. Hakuna atakayekufa. Watu walioigonga fedha hii wamekufa zamani, hawatadai.

Nimetazama mara moja tu. Haraka.

Meya yuko ngazini, namsikia anavyocheka. Dokta ameingia kwanza, peke yake, koti bado mwilini. Anainama juu ya trei, anavigusa vikasha kimoja kimoja kwa kidole, midomo inacheza.

Kafika vitatu, kasimama.

Natazama na mimi. Vikasha saba viko tupu, tumebaki na 29, na sikumbuki mbuzi wake niliwahamisha saa ngapi —