Pombe Ambayo Hukuinywa

Baba,

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Siku uliposimama mbele ya ushirika wa waliookoka ukaungama kwamba ulikuwa mlevi wa siri, nilikuchukia. Tumeshakuzika, na hasira haijaisha.

Hukuwahi kunywa. Najua, na mama anajua. Ulikata nyama Soko la Burma katikati ya walevi, ukarudi nyumbani mtaa wa Jericho shati likinuka moshi na bia za watu wengine. Wenzako buchani walikucheka. "Mzee wa soda! Utakufa meno yameisha!" Nawe ukacheka nao, chupa ya soda mkono mmoja, mkono wa pili kipande cha nundu kilichochomwa, mafuta matupu, hakina hata uzi wa nyama. Hapo pia nakulaumu. Daktari alikukataza sukari, ukanikonyeza. "Mama, huyo hajui chai." Uliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yako, nami nikalegea, nikakukorogea.

Tumbo lilipovimba na macho yakawa manjano, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wodini. Mimi, ambaye nikiitwa jina darasani sauti inakauka! Daktari yule kijana alikuwa ametoa kipande cha ini lako kwa sindano, akakitazama kwa hadubini. Akachora nyuma ya bahasha ya eksirei, akisema Kiingereza mbio mbio. Seli za ini zimejaa mafuta hadi zinaumia. Kuna seli za kinga zinazokaa humo siku zote, zikila uchafu na vijidudu. Hizo zimeona kuna shida, zimeita nyingine kutoka kwenye damu. Zimekuja kupigana, na kwa kuwa hakuna mdudu wa kuua, zinaliumiza ini lenyewe. Kila panapopona pana kovu, kovu juu ya kovu, mpaka ini likawa gumu.

"Linafanana na la mlevi," akasema, "lakini tunaliona pia kwa watu wasioonja pombe. Mengine bado hatuyajui."

Sikuwa na Kiswahili cha seli za kinga. Nikasema askari wa mwili. Nikasema ni kama askari waliokuja sokoni kumtafuta mchuuzi mmoja, wasipomwona wakapindua meza zote.

"Askari wangu mwenyewe?" ukauliza. "Ninaowalisha mimi?" Ukacheka hadi ukashika tumbo.

Kisha Ndugu Elkana, kiongozi wa ushirika, akaja nyumbani na kundi lake, wakaketi wakajaa hadi vitandani mwetu. "Ndugu, ini haliharibiki bure. Toa lililomo. Hatuwezi kumwombea mtu anayeficha."

Nilitoka nyuma ya pazia na sufuria ya chai mkononi. Nikasema, "Daktari amesema si pombe." Ndugu Elkana akanitazama kana kwamba sufuria ndiyo iliyosema.

Nawe, baba, ukasema, "Nyamaza, mama."

Jumatano ukasimama kanisani, umeshikwa huku na huku, ukaungama. Wakaimba, wakakukumbatia, na kuanzia siku hiyo unga na makaa yao havikukosekana mlangoni. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Nikifa nimetengwa, nani atamshika mama yako mkono?"

Hukuniuliza mimi. Sasa vijana wa mtaa wanamsimamisha ndugu yangu mdogo, wanamwita mtoto wa pombe: "Niaje, mtoto wa keroro! Buda yako alificha chupa wapi?" Juzi aliniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni uongo. Akasema, "Lakini baba alisema mwenyewe."

Na Jumapili hii wanataka nitoe ushuhuda kwamba Bwana alimtoa baba yangu kwenye pombe. Mama ameniambia niuandike, nisije nikatetemeka. Nilipomwambia siwezi kudanganya, aliendelea kukunja nguo. "Najua nililala na nani miaka yote hii. Lakini sisi tutakula wapi?"

Nazifikiria zile seli, baba. Hazikuwa adui. Zilikuwa zako, za kukulinda. Ziliona dalili, zikaitana, zikaingia zikipiga. Kama wale waliojaa vitandani mwetu. Ila seli hazina masikio. Wale wanayo, na nilisema wakasikia.

Sitausoma ushuhuda wao. Nitasimama niseme kilichokuua ni mafuta na askari wako mwenyewe, na kwamba pale kanisani ulidanganya, kwa ajili yetu. Sauti ikikauka, nitasimama hapo hapo mpaka irudi. Mama atalia. Huenda unga ukakoma. Hilo nalo umeniachia mimi.

Nasikia patipati za mama zikiburuzwa ukumbini. Anauliza, "Umemaliza ule ushuhuda?"

"Nimemaliza, mama."

Anakuja kuuona. Naiingiza karatasi hii ndani ya gauni. Lala, baba. Bado sijakusamehe.

Binti yako wa kwanza