Mjerumani Hakupewa Chai

Baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Dua nimeshakuombea na nitaendelea kukuombea, lakini leo sikuandikii dua. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe, na mtu akikasirikiwa akiwa kaburini, hasira hiyo utaipeleka wapi? Majirani wakiisoma barua hii, waisome. Potelea mbali.

Jana Hemedi alikuja hapa Mkata na Mjerumani. Ndiyo, bunduki yako, ile uliyoinunua kwa mlinzi mzee wa shamba la mkonge, iliyobebwa na askari wa Kijerumani kabla hata babu hajaoa. Mwanao wa kiume kaileta ndani ya kiroba cha pumba. Akaniamkia vizuri tu, akanywa maji, halafu akasema, "Dada, hebu iangalie. Nimeijaribu, risasi zinakwenda zinakotaka."

Kabla sijakwambia nilichokiona, ngoja nikukumbushe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukirudi kutoka shamba kuwinda nguruwe? Hukai, huli, mgeni akikusalimia unaitikia ukiwa umempa mgongo. "Mpe Mjerumani chai yake." Basi mimi mbio jikoni kuinjika birika. Wewe unachomoa komeo, unauinamisha mtutu juu ya beseni, mimi namimina maji yanayotokota kwa nyuma, taratibu, mvuke unatupiga usoni. Risasi zile za kizamani, ulinifundisha, zinaacha chumvi ndani ya chuma, na chumvi hiyo haisikii mafuta. Inasikia maji ya moto tu, tena siku ile ile. Ukiilaza bunduki bila kuiosha, chumvi imeshaila.

Kisha kitambaa cha shuka kuukuu, kisha mafuta ya cherehani ya mama. Maskini mama! "Mtanimalizia mafuta nyie, cherehani yangu inalia kama paka!" Wewe unacheka, unauelekeza mtutu juani, unanipa nichungulie. Ndani kunang'aa, mistari inazunguka hadi mwisho, huoni hata doa. "Mwenye bunduki ni anayeiosha," ukaniambia. Nami mjinga nikaamini.

Tena si kuosha tu. Macho yako yalipoanza kuingia ukungu, ulikuwa unaona nguruwe kama kichuguu, na kichuguu kama nguruwe. Siku moja kwenye mihogo ukanishika bega, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Piga wewe." Nikapiga. Kitako kikanitia jeraha la bega, nguruwe akalala. Majirani zetu Wakristo, wale ambao babu zao waliletwa kukata mkonge, wakaja na mapanga wakicheka, maana sisi nyama ile si yetu. "Mzee bado ana shabaha!" wakasema. Nikakutazama. Ukatabasamu, ukapokea sifa, ukaipokea na bunduki kutoka mikononi mwangu.

Sikukasirika siku ile. Nilisema moyoni, mwache mzee wa watu, heshima yake ndiyo heshima yangu. Toka hapo kila nguruwe aliyeanguka nilimwangusha mimi, na kila sifa ilikwenda kwako. Tukawa tunarudi nyumbani na siri yetu. Nilidhani bunduki unaniwekea mimi.

Kumbe! Ulipougua, ukoo ukakutana kwa shangazi, kule Chanika, nawe ukabebwa na godoro lako. Wakakuuliza Mjerumani abaki kwa nani. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, nimekushikia kikombe cha uji. Ulinitazama, baba. Usiniambie hukuniona, ukungu ule haukuwa mzito kiasi hicho. Ukasema, "Bunduki ni ya mwanangu wa kiume. Mwanamke atalenga nini?" Wazee wakacheka. Na wewe ukacheka nao, ukakohoa, ukanyoosha mkono nikupe uji. Nikakupa.

Shukrani ya punda ni mateke. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, sikujua kwamba itanijia kwa njia ya baba yangu mzazi.

Halafu ukafa. Wazee wenzako wakataka uagwe kwa mlio, kama walivyoagwa wawindaji wa zamani. Hemedi akapiga hewani pale makaburini. Mimi nilikuwa ndani mkekani na wanawake, nimejifunika kanga, nikausikia. Unajua nilichowaza? Sikuwaza kifo chako. Niliwaza chai ya Mjerumani.

Nikataka kuinuka. Shangazi akanikamata mkono. "Mfiwa hanyanyuki kwenye mkeka. Unakwenda wapi?" Nikamwambia bunduki inataka maji ya moto, leo hii. Akanitolea macho mbele ya watu wote: "Ala! Baba yako hata hajapoa, wewe unawaza urithi!" Nikakaa. Nje uani masufuria ya chai ya waombolezaji yalikuwa yanatokota, mvuke wake nauona dirishani, wala hakuna aliyempelekea Mjerumani hata kikombe. Wanawake wakadhani nalia msiba. Matanga yalipoanuliwa, bunduki ilikuwa imeshapelekwa polisi kungojea leseni ya Hemedi, imefutwa kwa mafuta nje, inapendeza.

Simlaumu sana Hemedi. Hukumfundisha. Alikuwa anakimbia harufu ya baruti, ukamwacha akimbie, kisha ukamrithisha alichokikimbia.

Basi jana nikachomoa komeo, nikauelekeza mtutu juani, nikachungulia. Baba, hakuna kinachong'aa. Mistari imeliwa, ndani kumekuwa kama ukuta wa choo cha zamani. Nikamwambia Hemedi imekwisha. Akasema, "Si unaosha tu, dada?" Nikasema siku ya kuosha ilishapita, siku hiyo mimi nilikuwa nimekalishwa. Akakuna kichwa. Akasema basi, ataitundika ukutani sebuleni kwake Old Korogwe, wageni waione. Na nguruwe huku wanaendelea kunilia mihogo, nagonga debe mpaka mikono inakufa ganzi, wananitazama tu.

Hata hivyo niliinjika birika. Sijui kwa nini. Nikauinamisha mtutu juu ya beseni, nikamimina. Maji yakatoka mekundu. Nikachemsha mengine, yakatoka mekundu tena. Hemedi akauliza, "Inasaidia?" Nikamjibu haisaidii. "Sasa unaosha nini?"

Nikamweleza. Kwanza jeraha la bega, kisha ule mkono wako uliosema piga wewe, kisha nguruwe mmoja baada ya mwingine. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikamwambia yupo mmoja, na huyo tumemzika.

Sasa na Mkata nzima ijue. Ulale salama, baba. Heshima yako niliitunza kuliko ulivyonitunza mimi, na leo nimeitua chini.

Ni mimi binti yako,
niliyelenga.