Mimba ya Yai la Mwanamke Nisiyemjua

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Ni mimi Oliva, binti yako wa kwanza, nakuandikia kutoka huku Mbeya. Magoti yanasemaje na baridi hii? Nyanya za msimu huu zimeshika, au ukungu umezichoma tena? Usikae barabarani hadi jioni kusubiri mabasi, mwache Faraja akauze. Mimi naweza kusema ni mzima, ila miguu imevimba na moyo hautulii.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Siku hizi nikipokea simu mama mkwe amekaa pembeni, na akisikia ni wewe anataka niweke sauti kubwa ili naye akusalimie. Ndiyo maana ukiniuliza kama niko salama, nakujibu salama tu. Karatasi hii anakuletea dada Mwanaidi, jirani yetu muuza vitenge. Anakwenda Dar kufuata mzigo, na basi lake litasimama hapo mnapouza. Isome mwenyewe, ukiwa umekaa.

Mama, mimba ni ya kweli, tena sasa ni kubwa. Ila jinsi nilivyoipata sikukueleza yote, kwa sababu mume wangu Ambokile hakutaka mtu ajue. Tulipokwenda hospitali Dar mara ya pili, daktari alituambia mayai yangu yameisha. Umri wangu huu, mama, mayai yameisha kama ya bibi. Akaeleza kwa upole kwamba mfuko wa uzazi ni mzima na unaweza kubeba mtoto, lakini yai itabidi litoke kwa mwanamke mwingine aliyekubali kutoa. Wanalikutanisha na mbegu za mume maabara, kisha wanaliweka tumboni kwangu.

Tulitoka tukasimama kwenye korido. Ambokile akanishika mkono akasema, "Oliva, tufanye. Lakini hili liishie kwetu wawili. Si mama yangu, si mama yako."

Nikakubali. Miaka yote ile wenzangu wanaitwa mama fulani, mimi naitwa jina langu tu. Ningekubali chochote.

Huyo mwanamke simjui. Walituambia ni kijana mwenye afya na ana mtoto wake, basi. Siku ya kuwekewa nilikaa kwenye benchi namwangalia kila mwanamke aliyepita, natafuta anayefanana na mimi hata kidogo. Kuna mmoja alinitabasamia, nikaona aibu nikainamisha kichwa. Lakini mtoto alipoanza kucheza, yote hayo yaliondoka. Nikishona anatulia, nikisimamisha cherehani anapiga teke. Sijawahi kumfikiria kama wa mtu mwingine, hata siku moja.

Mama mkwe alikuja kutoka Rungwe ili anisaidie, na mwanzoni nilifurahi. Ananipikia uji wa ulezi asubuhi, hataki nishike ndoo ya maji. Shida ilianza siku niliyotoka kliniki na kuambiwa presha imepanda. Daktari alisema mimba za namna hii mara nyingine huja na presha, nipumzike na nisikose kliniki. Mama mkwe yeye alijua presha tu, hayo mengine hakuyasikia. Usiku huo baada ya chakula nilikuwa jikoni naosha vyombo, wao wako sebuleni wanaongea Kinyakyusa. Wanadhani bado sikijui vizuri.

"Hiyo presha imetoka kwao," mama mkwe alisema. Alikuwa analia. "Kwetu hakuna mtu wa presha. Mjukuu wangu atazaliwa nayo."

Ambokile akamjibu, "Tulia, mama. Huyo mtoto hana cha kwao hata kimoja." Akamweleza yote, hadi la benchi, ambalo nilikuwa nimemwambia yeye peke yake.

Nikamaliza kuosha sahani. Tulipoingia chumbani nikamuuliza, "Si ulisema liishie kwetu wawili?"

"Alikuwa analia, Oliva. Ni mama yangu."

"Na wangu je?"

Akavua viatu, akageukia ukutani.

Tangu hapo mama mkwe hajanigombeza, na hilo ndilo linaloniumiza. Chakula kimeongezeka, maparachichi hayakosekani, ananifunika shuka nikilala mchana. Lakini sasa haniulizi mimi naendeleaje. Anauliza, "Amecheza?" Nilimkumbusha kwamba tulikubaliana nije Ilula kujifungulia kwako, kwa kuwa ndiyo mimba ya kwanza. Alikuwa anakoroga uji. Akasema taratibu kabisa, kama anayenitahadharisha kwamba sufuria ni ya moto, "Ilula kufanya nini? Huyu ni wa ukoo wetu. Wewe umebebeshwa tu, tulia ubebe." Akaongeza kwamba nikipata nguvu nirudi kwenye cherehani, mtoto atakwenda naye Rungwe, maziwa yapo ya kutosha.

Ambokile alikuwa anafunga kamba za viatu aende dukani kwake Mwanjelwa, kule anakouza vipuri. Alisikia. Akasema, "Mtaongea," akatoka.

Ufunguo wa geti anao mama mkwe, ameufunga kwenye pindo la khanga. Anasema wezi wamezidi. Dada Mwanaidi huwa naongea naye juu ya ukuta mama mkwe akiwa ibadani, naye ndiye aliyenipa karatasi hizi. Aliniambia, "Mdogo wangu, nikuitie bajaji mpaka stendi." Nilifikiria. Kisha nikamwambia hapana. Hata geti likiachwa wazi siwezi kukaa kwenye basi kupita Makambako na Mafinga hadi huko. Daktari amenikataza safari ndefu, amesema kifafa cha mimba kinaweza kunishika njiani, tukapotea wote wawili. Basi nimekaa. Asubuhi natembea kutoka mlangoni mpaka getini, narudi. Mwili wangu wenyewe umeungana nao kunifungia.

Nisalimie baba mdogo, mwambie ile redio yake aache kuifungua mwenyewe. Msalimie mwalimu wa kwaya na mama wa duka la mkabala na kibanda chenu. Na Faraja, mdogo wangu uliyemchukua mchanga mama yake alipofariki ukamlaza kitandani kwetu, mwambie nampenda na nimemshonea gauni. Atalipata kwa dada Mwanaidi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nimeshindwa kuikunja barua. Mama, naogopa kwamba hata wewe ukimaliza kusoma utasema, "Mtoto huyu hanihusu." Ikiwa ndivyo, mpe dada Mwanaidi salamu tu akirudi, nitaelewa, wala sitakulaumu. Lakini kama unaweza, njoo wewe, kwa kuwa mimi siwezi. Gonga geti mchana watu wakiwepo. Mama mkwe atakukaribisha, ana adabu. Atakuuliza umekuja kumwona Oliva? Usimwambie umekuja kwangu. Mwambie umekuja kwa mjukuu wako, useme kwa sauti nisikie nikiwa ndani.

Ni mimi mtoto wako,
Oliva