Sikukataa Kuja Nairobi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako bado linakuruhusu kupanda mlima, au umeanza kumtuma Mghoi mtoni peke yake? Na huyo mwanangu anakula vizuri? Mimi nasimama na kutembea, kwa hivyo hapa Jeddah nahesabiwa mzima. Barua hii anakuletea Mkamburi, rafiki yangu wa hapa mtaani Aziziya aliyemaliza mkataba, maana simu yangu bado imefungiwa kabatini mwa madam. Naomba isomwe kwa sauti, Mghoi akiwepo.

Utakumbuka nilivyokupigia kwa furaha. Madam na bosi walikuwa wanapanga kwenda Namibia kutazama wanyama. Watu wenye jangwa mlangoni wakatafuta jangwa jingine la kupandia ndege. La kwao, walisema, halina ndovu. Kila jioni ramani mezani, na mimi naitwa kama mwalimu. Eti nyoka wa huko anaogopa nini? Simba anapenda manukato?

"Sijafika Namibia, madam. Kwetu ni milima, na ni mbali na huko."

"Mafi. Hakuna tofauti. Afrika ni Afrika."

Binti yao mkubwa aliniuliza kama nimewahi kumwona ndovu karibu. Nikamsimulia yule aliyeingia kwenye mahindi yetu akamuua marehemu Baba. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mlirekodi video?" Madam akacheka, akanionya nisiwatishe watoto kabla ya likizo.

Nilivumilia kwa sababu moja tu. Madam aliniahidi kwamba nitakwenda nao kuwatunza watoto, tutalala Nairobi usiku mmoja, na ninyi nitawaona hapo uwanja wa ndege. Ndipo nikakuambia umlete Mghoi. Tulipokwenda sokoni Balad kuwanunulia watoto wao kofia za safari, nami nikamnunulia Mghoi viatu vyeusi vya kanisani. Wale watoto nikawafundisha kusema jambo na asante. Nikawa naimba jikoni, Mama, mimi ambaye hata kwaya ilinishinda.

Siku yenyewe tulikwenda uwanjani pamoja, na mkoba wangu mkononi. Pale mlangoni bosi akanipa tikiti yangu. Ilikuwa ya Riyadh. Mama yake madam anaishi huko, hainuki kitandani, na mfanyakazi wake alikuwa ametoroka. Nikaazimwa kama sufuria ya harusi. Huku ndiyo kawaida, familia zikisafiri tunaazimwa kwa jamaa, na anayeazimwa haulizwi.

"Na Nairobi, madam? Mama yangu ameshaondoka nyumbani."

"Ningekuambia mapema ungenuna, na watoto hawapendi mtu aliyenuna. Nipe simu. Mama yangu hapendi kelele. Yalla, haraka."

Ya Riyadh sina haja ya kuyarefusha. Nilimwosha yule bibi, nikamlisha, akanitemea chakula. Kila nilipomgeuza ubavu nilikuona wewe umesimama pale uwanjani na goti lako bovu. Nilimchukia, ingawa ahadi ile si yeye aliyeivunja.

Waliporudi nami nikarudishwa Jeddah. Nilikuwa nimebeba kapu la nguo zao, zimejaa mchanga mwekundu, binti mkubwa akaniita nitazame picha. Akawa anazisukuma kwa kidole: ndovu anatembea mchangani, choroa, twiga. Akafika kwenye picha yenu. Wewe umeshika kipande cha boksi chenye jina langu, na Mghoi amevaa ile sweta ya kijani niliyomtumia, mikono imeshakuwa mifupi.

"Huyu si mama yako?" akaniuliza. "Alitutambua kwa ile picha yetu uliyomtumia."

Madam alikuwa anakunywa kahawa. Akasema ulimpa njugu za kukaanga aniletee, na kwamba nyani wa kambini walizipenda sana. Nikamuuliza aliwaambia nini juu yangu.

"Nilimwambia yule mama aliyekuwa anawatafsiria kwamba umekataa kuja. Mtoto angeanza kulia pale, na sisi tulikuwa tumechoka." Akanywa kidogo. "Lakini hakulia. Mtoto mzuri. Halas, yamekwisha, nenda kafue."

Mama, hilo la kutolia ndilo lililonimaliza. Kama angelia, ningejua bado ananingoja. Nilifua zile nguo zote, na mchanga wa Namibia ukaziba bomba, nikagombezwa kwa hilo pia.

Sikukataa. Mghoi, mwanangu, mama yako hakukataa kuja kukuona. Nimedanganywa, nawe umedanganywa. Bibi yako arudie kukusomea hapo.

Nisalimie mjomba anayelinda mahindi. Mwambie ndovu wa Namibia wanapigwa picha, hawapigiwi madebe. Msalimie na mke wa mchungaji aliyewasindikiza Nairobi akawatafsiria. Najua si yeye aliyeyatunga yale maneno, asijilaumu. Na shangazi yangu anayenisengenya kanisani kwamba nimesahau kwetu, yeye mpe barua hii aisome mwenyewe.

Mkamburi atakupa vile viatu. Katika picha nimeona mguu wa Mghoi umekua, havitamwingia. Mpe hata hivyo avishike, ajue mkoba wangu ulikuwa umefungwa kwa safari, navyo vikiwa ndani.

Mimi mwanao,
Wakesho