Chumvi Kutoka Seresi

Kanagawa,
Tarehe 19 Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti lako limetulia na theluji ya Yokote haijaanza kukupandisha paani na sepeto kuikwangua. Ukipanda tena peke yako kama mwaka jana, mzee Onodera wa jirani ataniambia tu, maana amejipa cheo cha upelelezi. Mimi mwili ni mzima. Achari yako ya figili za moshi imefika, nakushukuru, ingawa siku hizi nakula kidogo sana.

Uliona kwenye televisheni kasha letu likitua jangwani kwa parachuti, likitoka Seresi, ile sayari kibete, baada ya safari ya miaka kumi na miwili. Siku chache baadaye Onodera alinipigia simu akipiga kelele kwamba mwanao ameleta udongo wa mbinguni, na kwamba umewanywesha pombe ya sake mtaa mzima mpaka ukaanza kuimba wewe, usiyeimba hata harusini. Sikuwa na moyo wa kuwakatiza.

Wakati ule tulikuwa tumeshalifungua, Baba. Chumvi ya Seresi, iliyopaswa kubaki kama ilivyochotwa, ilikuwa imelowa unyevu wa hewa yetu. Kwenye mpira wa kuziba kifuniko palikuwa na uzi mmoja wa kitambaa, mwembamba kuliko unywele, umenata hapo tangu kabla ya roketi kuruka. Nusu ya mzigo haifai tena kwa utafiti. Watu walioianza kazi hii wakiwa vijana walisimama wakiutazama ule uzi.

Lawama imemwangukia Bi Isobe, kiongozi wetu, kwa kuwa saini ya ukaguzi wa mwisho ni yake. Hakujitetea. Aliinama mbele ya wakubwa, akasema uzembe ni wake, na keshokutwa atajiuzulu hadharani, akiwa amebakiza miezi mitano astaafu. Juzi kantini alinihamishia nusu ya samaki wake, akanitania, "Kula wewe, umebaki kamba ya kuanikia nguo! Kosa langu lisije likakuua wewe kwa njaa." Nikamla yule samaki, Baba. Sikubakiza hata kipande.

Sasa nakuomba uketi. Bi Isobe hakukosea. Kazi yake siku ile ya ukaguzi, kabla ya roketi kuruka, ilikuwa kuandika. Kukagua kulikuwa kwangu. Sisi hukagua kama wewe ulivyokagua taa za reli miaka thelathini na minane ukiendesha treni: unanyoosha kidole, unatazama, unatamka kwa sauti. Hata jiko la gesi ulilinyooshea kidole kila ulipotoka nyumbani, mama akikucheka. Siku ile waandishi wa habari walikuwa nyuma ya kioo, na mmoja akainua kamera. Nilinyoosha kidole, nikatamka, "Mpira safi, sawa!" na macho nikampa mpiga picha. Bi Isobe aliandika nilichotamka kwa sababu aliniamini. Ndiyo ile picha uliyoitundika sebuleni na kuwaonyesha wageni. Itazame vizuri. Barakoa imeficha tabasamu langu, lakini macho yanaonekana, na hayatazami kifuniko.

Nimenyamaza siku kumi na nane, nikimwacha mama wa watu abebe mzigo wangu. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo kila siku. Nilichokosa ni ujasiri. Naona aibu, Baba, aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Barua hii naitia posta sasa hivi, kabla sijapanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi. Najijua mwanao nilivyo. Nisipoitanguliza, nikifika mlangoni nitazungumzia mvua kisha nirudi zangu. Ikishatumbukia sandukuni siwezi kuitoa tena.

Nisalimie Onodera, na akikuuliza, usinifichie. Mwashie marehemu mama udi mbele ya picha yake kama kawaida, ila habari hii usimwambie. Nitakuja mwisho wa mwezi, nipige magoti pale, nimwambie mwenyewe.

Mwanao anayekuonea haya,
Shunpei